Jiko la Mkaa Lisilale Chumbani

Mji wa Lilongwe umejengwa juu ya uwanda ulio zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai usiku wake huwa wa baridi hata joto likashuka chini ya digrii 10. Mtu aliyezoea Dar es Salaam au Mombasa huona kama ameingia nchi ya Ulaya. Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kiasi cha kilometa 45 kaskazini mwa mji huo, baridi ni ile ile, lakini nyumba ni dhaifu zaidi. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Nyumba nyingi ni za matofali ya udongo, zenye madirisha madogo, na baridi inapozidi hata hayo madogo huzibwa kwa gunia.

Mama akisha kupika chakula cha jioni, mkaa ungali mwekundu ndani ya mbaula, kama wenyeji waitavyo jiko la mkaa. Moshi umekwisha. Watoto wanatetemeka. Basi jiko huingizwa ndani, mlango ukafungwa, na wote wakalala. Ndugu msomaji, hapo ndipo ilipo hatari ninayotaka kuieleza.

Mkaa unaowaka mahali penye hewa haba hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mtu akiivuta huingia katika damu na kushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 200 kuliko ile ya oksijeni, hata mwili ukakosa hewa huku mtu akiendelea kupumua. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliyelala hazioni dalili hizo.

Utotoni mimi nilifundishwa kuweka sufuria ya maji kando ya jiko, eti maji hunyonya sumu. Si kweli, kwani gesi hii haiyeyuki katika maji ila kwa kiasi kidogo mno. Wengine husema aliyelala chini sakafuni amesalimika. Hao nao wamekosea. Uzito wake unakaribiana na ule wa hewa, hivyo huenea chumba kizima. Tena mkaa uliofunikwa majivu bado unaitoa.

Lifaalo ni kuota moto mapema, mlango ukiwa wazi, kisha kulitoa jiko nje kabla ya kulala na ndipo kufunga. Tandika maboksi au mkeka chini ya godoro, kwa kuwa baridi nyingi hutoka sakafuni. Ziba upenyo wa chini ya mlango kwa kitambaa, madhali jiko limekwisha kutoka. Akipatikana mtu amelegea ndani, fungua mlango, mtoe kwenye hewa safi, umpeleke hospitali hata kama amezinduka.

Lilongwe mjini ziko nyumba za zamani zenye meko ya ukutani na dohani, na wenye uwezo hutumia hita za umeme. Umeme ukikatika, mbaula hurudi. Na askari wenzetu wa zamu ya usiku nisiwasahau: kibanda cha lindo ni chumba kidogo kuliko vyote, na jiko humo ni la kuogopwa zaidi.

Kwa miaka mingi familia za Dzaleka zimekuwa zikipanda ndege Lilongwe kwenda kuishi Marekani, Kanada na Australia. Jiko huliacha, mazoea huenda nayo. Desemba 2006 dhoruba ilikata umeme katika eneo la Seattle, Marekani. Watu wakaingiza majiko ya mkaa ndani ili wapate joto. Mamia walipelekwa hospitali, wengi wao wakiwa wahamiaji, na kuna waliokufa.

Kwa hiyo aliye na jamaa huko ampelekee maneno haya. Nyumba nyingi za nchi za baridi hupashwa moto kwa maji yanayochemshwa katika boila na kusukumwa na pampu hadi kwenye rejeta zilizo ukutani. Ni ndugu ya rejeta ya gari, ila ya gari hutupa joto na hii hulileta chumbani. Ikiwa ya moto chini na baridi juu, imeingiwa na hewa. Zima mfumo, acha upoe, shika kitambaa, kisha legeza kidogo kwa ufunguo wake kiparafujo kilicho juu pembeni. Hewa italia, maji yakianza kutoka, kaza. Halafu tazama kipimo cha boila, kwani presha hushuka. Ikiwa ya moto juu na baridi chini katikati, ndani mna tope la kutu, nalo ni kazi ya fundi.

Yawezekana pia chumba kilicho karibu na boila kinachoma na cha mwisho hakina joto. Maji hupita penye njia nyepesi, na rejeta za karibu huyamaliza. Kila rejeta ina vali mbili. Ile yenye kifuniko, isiyogeuzwa kila siku, ndiyo ya kusawazisha. Ifunge kidogo kwenye rejeta za karibu, uiache wazi kwenye ya mwisho. Geuza robo mzunguko tu kila mara, ungoje nusu saa, ndipo uguse tena. Rejeta za mvuke, zipatikanazo katika majengo ya zamani ya Marekani, hazitengenezwi hivyo, wala zisifunguliwe na mpangaji; huitwa mwenye nyumba.