Jometri Juu ya Ziwa Tanganyika: Je, Mtaalamu Hupimwa kwa Wingi wa Marejeo?

Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa Ujiji na Kigoma huingia ziwani na taa zao kuwavuta dagaa. Mwambao ukitoweka gizani, mzee wa chombo huzitegemea nyota. Kijana aliye naye aweza kufungua simu na kuona walipo. Simu hiyo hupokea mawimbi ya setilaiti, na hesabu inayozifanya setilaiti ziaminike ina asili yake katika kazi ya mwanahisabati wa Ujerumani, Bernhard Riemann, aliyefariki mwaka 1866 akiwa na umri wa miaka 39.

Tarehe 10 Juni 1854 Riemann alitoa mhadhara mjini Göttingen juu ya misingi ya jometri. Jometri ya Euclid, ifundishwayo shuleni, husema kwamba jumla ya pembe za pembetatu ni nyuzi 180. Riemann alionyesha jinsi ya kupima umbali na mpindo mahali ambapo kanuni hiyo haishiki, kama ilivyo juu ya uso wa mpira. Mhadhara huo ulichapishwa mwaka 1868, mwenyewe akiwa kaburini. Mwaka 1915 Albert Einstein aliutumia msingi huo kueleza nguvu ya uvutano.

Sasa na tumweke Riemann katika mizani ya siku hizi. Mwaka 1964 Eugene Garfield wa Marekani alianza kutoa faharasa ya makala za sayansi na marejeo yake. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kiitwacho h: mtaalamu ana h ya 5 iwapo makala zake 5 zimerejelewa, kila moja, mara 5 au zaidi. Makala alizochapisha Riemann akiwa hai hazifiki 20. Basi hata zikirejelewa mara milioni, h yake kwa makala hizo haiwezi kufika 20. Mwenye makala 30, kila moja ikiwa imerejelewa mara 30, atamshinda.

Lakini tuitazame kazi yenyewe. Kila siku saa za setilaiti hutangulia saa za ardhini kwa takriban sekunde 0.000038. Mawimbi ya redio husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde. Tukizidisha twapata kilometa 11.4. Bila masahihisho yatokanayo na nadharia ya Einstein, kosa la siku 5 lingezidi kilometa 50, yaani upana wa wastani wa Ziwa Tanganyika: kutoka Kigoma hadi ng'ambo ya Kongo!

Ziwa lenyewe lina funzo jingine. Mwaka 2003 majarida ya Nature na Science yalichapisha makala zilizoonyesha kwamba maji yake yamezidi kupata joto. Ushahidi mmojawapo ulikuwa vipimo vya mwaka 1913. Makala hizo zimerejelewa sana, na baadhi ya wanaozirejelea huzipinga, wakisema kwamba upungufu wa samaki watokana zaidi na uvuvi uliokithiri. Rejeo la mpinzani nalo huhesabiwa. Na kipimajoto kilichozamishwa ziwani mwaka 1913 kilingoja miaka 90 kabla ya kutoa ushahidi wake.

Hesabu ya marejeo, basi, hueleza ni nani aliyesomwa; haielezi kazi ipi itawafaa watu kesho. Wanaogawa fedha za utafiti na vyeo wanapaswa kuikumbuka tofauti hiyo.

Zoezi: Makala 5 za mtaalamu zimerejelewa mara 40, 9, 4, 3 na 1. Tafuta h yake. Kisha badili 40 iwe 4,000, utafute tena. Jadilini darasani jibu mlilopata.