TIG: Vipuri vidogo vinavyoamua ubora wa vyombo vya stenlesi Kagera

MSHONO mmoja uliochomelewa vibaya ndani ya tangi la maziwa unaweza kuharibu mzigo mzima bila mwenye mali kujua chanzo chake. Tangi litaoshwa kila siku, lakini vijidudu vitaendelea kujificha katika mashimo madogo ambayo brashi haiyafikii. Mara nyingi kosa huwa limetokana na kipuri kidogo kilichofungwa mbele ya kifaa cha kuchomelea, au gesi iliyofunguliwa kupita kiasi.

Suala hilo lina uzito wa pekee mkoani Kagera. Mji wa Bukoba unajulikana kwa kiwanda cha kahawa cha TANICA, na Ziwa Victoria linawapatia wakazi wa Bukoba na Muleba sangara ambaye minofu yake husafirishwa hadi nje ya nchi. Meza za kukatia samaki, matangi ya maziwa, mabomba ya viwandani na majiko ya hoteli hutengenezwa kwa stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi. Kuna njia kadhaa za kuunganisha stenlesi, lakini kwa bati jembamba linalogusa chakula, njia inayopendelewa ni ile iitwayo TIG.

Wanunuzi wa nje ni wakali katika masuala ya usafi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa hofu ya sumu ya viuatilifu. Chanzo cha zuio hilo hakikuwa uchomeleaji, lakini lilionyesha jinsi soko linavyoweza kufungwa pale usafi wa bidhaa unapotiliwa shaka.

TIG ni nini?

Katika uchomeleaji wa kawaida, fimbo ya kuchomelea huyeyuka yenyewe na kuwa sehemu ya mshono. Katika TIG, umeme hupita katika sindano ya madini ya tungsteni, ambayo haikusudiwi kuyeyuka kwa kuwa tungsteni hustahimili joto la zaidi ya nyuzi 3,400 za Selsiasi. Sindano hiyo hutoa cheche inayoyeyusha chuma, na fundi huongeza fimbo ya kujazia kwa mkono wa pili. Wakati huohuo gesi ya agoni hutoka kuizunguka sindano na kuizuia hewa isiguse chuma kilichoyeyuka.

Njia hiyo ilibuniwa nchini Marekani na Russell Meredith wa kampuni ya ndege ya Northrop, akapewa hataza mwaka 1942. Wakati huo ilitumika gesi ya heliamu kuunganisha magnesiamu ya kuundia ndege. Baadaye agoni ilichukua nafasi kubwa zaidi. Jina la gesi hiyo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu, kwa sababu haiungani na kitu kingine kirahisi. Uvivu huo ndio unaoifanya iwe mlinzi mzuri wa mshono.

Tochi na namba zake

Kifaa anachoshika fundi mkononi huitwa tochi. Ndani yake mna koleti, ambayo ni kijibomba cha shaba kinachobana sindano. Bodi ya koleti inayopitisha gesi. Kikombe cha kauri kilicho mbele. Na kofia ya nyuma inayokaza vyote na kuizuia hewa isiingie.

Tochi hutambulika kwa namba. Namba 9 na 17 ni ndogo na hupozwa kwa hewa, ya kwanza ikibeba takriban ampea 125 na ya pili 150. Namba 26 hubeba takriban ampea 200. Namba 18 na 20 hupozwa kwa maji na hufaa kazi nzito za kiwandani.

Jambo ambalo fundi wa Muleba anapaswa kulijua kabla ya kupanda gari kwenda Bukoba kununua vipuri ni kwamba tochi hizo ni za koo mbili. Namba 17, 18 na 26 hutumia vipuri vya aina moja, na namba 9 na 20 hutumia vya aina nyingine. Kikombe cha tochi namba 9 hakiingii katika namba 26. Anayekwenda dukani bila kujua namba ya tochi yake anaweza kurudi na mfuko wa vipuri visivyofaa. Vilevile, koleti na bodi yake lazima zilingane na unene wa sindano. Sindano ya milimita 2.4 haikai katika koleti ya milimita 1.6.

Rangi za sindano

Sindano za tungsteni hupakwa rangi mwishoni ili kuzitambulisha. Nyekundu ina toriamu, kijivu ina seriamu, buluu na dhahabu zina lanthanamu, nyeupe ina zikoniamu, na kijani ni tungsteni tupu.

Kwa miaka mingi nyekundu ndiyo iliyopendwa zaidi kwa kuchomelea stenlesi. Hata hivyo, toriamu hutoa mionzi. Kuishika mkononi si hatari kubwa. Tatizo ni vumbi lake linapovutwa puani wakati wa kunoa. Sindano ya buluu au ya kijivu hufanya kazi hiyohiyo bila hatari hiyo, hivyo hakuna sababu ya karakana mpya kuanza na nyekundu.

Kwa bati la kati ya milimita 1 na 3, sindano ya milimita 1.6 hutosha kazi nyingi. Ile ya milimita 2.4 hufaa pale ampea zinapokaribia 150 na kuendelea. Kwa stenlesi, ncha hunolewa iwe kali kama ya penseli, urefu wa mchongo ukiwa takriban mara mbili hadi mara mbili na nusu ya unene wa sindano. Mikwaruzo ya jiwe ifuate urefu wa sindano. Ikiizunguka, cheche huyumba. Jiwe la kunolea litengwe kwa kazi hiyo pekee, na sindano ikigusa chuma kilichoyeyuka, inolewe upya kabla ya kuendelea.

Kikombe, gesi na upepo wa ziwa

Namba ya kikombe huonyesha upana wa mdomo wake kwa sehemu za 16 za inchi. Kikombe namba 5 ni 5/16 ya inchi, karibu milimita 8, na namba 8 ni nusu inchi, karibu milimita 12.7. Kikombe kipana hufunika eneo kubwa zaidi, jambo linalofaa stenlesi kwa kuwa huendelea kuharibika ikiguswa na hewa ingali moto.

Kipuri kinacholeta tofauti kubwa ni lenzi ya gesi. Licha ya jina lake, hakina kioo. Ni bodi ya koleti yenye wavu mwembamba wa waya unaoituliza gesi itoke kwa utulivu, kama maji yanayopita kwenye chujio. Bila lenzi, sindano isichomoze nje ya kikombe kupita upana wa mdomo wake. Kwa lenzi inaweza kuchomoza zaidi na kufika kwenye kona za ndani ambazo kikombe hakifiki.

Wengi hudhani kuwa gesi nyingi ni ulinzi zaidi. Ukweli ni kinyume chake. Gesi ikitoka kwa kasi kubwa huzunguka kama maji ya maporomoko na kuivuta hewa ndani ya mshono. Kwa kikombe namba 7 au 8, lita 7 hadi 10 kwa dakika zinatosha kwa kawaida. Adui mwingine ni upepo. Karakana iliyo wazi karibu na ufukwe wa Bukoba hupokea upepo wa ziwa, na hata upepo mwepesi huipeperusha agoni. Dawa yake ni kuweka kizuizi cha bati au turubai, si kuongeza gesi.

Gesi yenyewe lazima iwe agoni safi. Kabonidioksaidi, au mchanganyiko wenye gesi hiyo unaotumika kwa mashine za waya, huunguza sindano mara moja. Kila mtungi unapofungwa, viungio vya mpira na regaleta vipakwe povu la sabuni, kwani tundu dogo hupoteza gesi na pia huingiza hewa.

Mipangilio ya mashine

Kosa la kwanza la fundi anayetoka kwenye fimbo za kawaida ni kuunganisha nyaya kinyume. Kwa fimbo nyingi, kishikio hufungwa upande chanya. Kwa TIG ya stenlesi, mashine iwe kwenye mkondo mnyoofu, tochi ifungwe upande hasi na kibano cha kazi upande chanya. Ikigeuzwa, joto kubwa huelekea kwenye sindano na ncha yake huvimba na kuyeyuka.

Kanuni ya kuanzia kwa stenlesi ni takriban ampea 30 hadi 40 kwa kila milimita ya unene. Bati la milimita 1.5 lianze na ampea 45 hadi 60, kisha fundi arekebishe kwa kutazama kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka. Baada ya kuzima cheche, gesi iendelee kutoka kwa angalau sekunde tano, au takriban sekunde moja kwa kila ampea 10, na tochi isiondolewe hadi mshono upoe. Stenlesi aina ya 304 hujaziwa kwa fimbo ya 308L, ile ya 316 kwa 316L, na pale stenlesi inapoungwa na chuma cha kawaida hutumika 309L.

Umeme nao una sehemu yake. Kwa miaka mingi Kagera ilitegemea umeme ulionunuliwa Uganda na kupokelewa Kyaka, kwa kuwa mkoa haukuwa umeunganishwa na gridi ya taifa. Popote umeme unapopungua nguvu, au unapopita katika waya mrefu na mwembamba, cheche hudhoofika na fundi huongeza ampea bila kutatua tatizo. Waya mnene na mfupi ni sehemu ya mipangilio kama ilivyo namba ya kikombe.

Alumini ni suala jingine. Vifuniko na mapanga ya injini za boti zinazohudumia visiwa vya Muleba kama Bumbire na Goziba hutengenezwa mara nyingi kwa alumini, ambayo huwa na utando mgumu juu yake. Kuuvunja utando huo kunahitaji mashine yenye mkondo geu. Mashine ya mkondo mnyoofu pekee, hata ikiandikwa TIG, haifai kwa kazi hiyo katika karakana ya kawaida.

Upande usioonekana

Stenlesi hustahimili kutu kwa sababu ina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, ambayo hutengeneza ngozi nyembamba ya kinga. Bomba au tangi likichomelewa nje bila agoni ndani, upande wa ndani huungua na kuota chembe nyeusi mfano wa sukari guru. Hapo ndipo kutu na vijidudu huanzia. Kazi ya chakula inataka agoni ipitishwe ndani pia. Aidha, brashi ya waya au jiwe la grinda lililotumika kwa chuma cha kawaida lisiguse stenlesi, kwani huacha chembe zitakazoota kutu.

Agoni haina rangi wala harufu na ni nzito kuliko hewa. Hujikusanya chini ya tangi na inaweza kumwua fundi aliye ndani kabla hajatambua kuwa amekosa hewa. Asiingie mtu peke yake, wala pasipo kupitisha hewa. Chuma kisisafishwe kwa dawa za breki zenye klorini, kwani zikipata joto la cheche huweza kuzalisha fosijeni, gesi iliyotumika kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeuweka moshi wa uchomeleaji katika kundi la visababishi vya saratani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi wake.

Mteja aangalie nini?

Mteja hahitaji kuwa fundi ili kuikagua kazi. Mshono mzuri wa stenlesi una rangi ya fedha au ya majani makavu. Buluu iliyokolea ni dalili ya joto kubwa au ulinzi hafifu, na kijivu au nyeusi inayopukutika ni sababu ya kuikataa kazi. Kwa tangi au bomba, atazame ndani kwa kurunzi kabla ya kulipa.

Amwulize fundi maswali matatu: anatumia agoni safi, anapitisha gesi upande wa ndani, na ana brashi ya stenlesi pekee? Anayejibu kwa ufasaha kuhusu mambo hayo ana uwezekano mkubwa wa kujua pia namba ya kikombe chake. Na kwa fundi anayeanza, kabla ya kuota mashine kubwa, lenzi ya gesi, sindano iliyonolewa vizuri na regaleta inayosoma sawasawa ndivyo vitu vitakavyomletea wateja wa viwandani.