Damu Kwenye Makapi ya Muwa: Fizi Zako Zinakuambia Nini?

Je, msomaji, umewahi kutafuna muwa, ukatema makapi, kisha ukaona yana alama za damu? Au umepiga mswaki asubuhi na povu ulilotema likawa jekundu? Kama jibu ni ndiyo, usidhani uko peke yako. Katika uchunguzi wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015, takriban watu wazima 98 kati ya kila 100 waliokaguliwa walikuwa na fizi zinazotoka damu.

Kwa kuwa jambo hili limeenea mno, wengi wetu tumelizoea. Ukienda mashambani wakati wa likizo, tuseme kule Naitiri, katika nchi ile ya mahindi na miwa baina ya Kitale na Bungoma, huenda ukamkuta babu akikatiwa muwa vipande vidogo kwa kisu kwa sababu meno yake yanacheza. Ukimwuliza, atakuambia ni uzee tu. La hasha! Si miaka inayolegeza meno. Mara nyingi ni ugonjwa wa fizi ulioanza zamani, akiwa bado kijana, pengine kwa damu kidogo tu kwenye makapi ya muwa.

Ugonjwa waanzaje?

Kila siku utando laini uitwao ukoga hujijenga juu ya meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Utando huo umejaa vijidudu. Usipoondolewa, mwili huanza kupigana navyo na ufizi huvimba, hulainika na kutoka damu ukiguswa. Hapa tuseme jambo moja: ufizi wenye rangi ya kahawia au nyeusi tangu utotoni si mgonjwa. Dalili za kuangalia ni uvimbe na damu.

Ukoga ukikaa sana hugeuka kuwa mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauwezi kuubandua. Kwa baadhi ya watu uvimbe huteremka chini, nyuzi zinazoshikilia jino hukatika na mfupa huliwa polepole. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi hauumi. Mtu hushtuka jino likiwa tayari linatikisika.

Waliokubali kuacha mswaki

Mnamo mwaka wa 1965, watafiti wa Aarhus, Denmark, wakiongozwa na Harald Løe, walitangaza matokeo ya jaribio la ajabu. Waliwaomba watu 12 wenye fizi nzuri waache kabisa kusafisha meno. Baada ya siku 10 hadi 21, wote walikuwa na uvimbe wa fizi. Waliporudia kupiga mswaki, fizi zao zilipona kwa muda wa wiki moja hivi.

Hebu tafakari habari hiyo. Damu unayoiona leo inaweza kukauka bila sindano wala dawa ya bei ghali, ila tu uwahi mapema. Kwa bahati mbaya, wengi wetu hufanya kinyume. Mtu akiona damu huogopa na kuacha kusugua mahali hapo. Ukoga huongezeka, na damu nayo huongezeka.

Somo kutoka Machakos

Je, kila mwenye fizi za kutoka damu atapoteza meno? Jibu lilitafutwa hapa hapa kwetu. Katika miaka ya 1980, Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Mkenya Firoze Manji waliwachunguza watu 1,131 wa umri wa miaka 15 hadi 65 katika wilaya ya Machakos. Ukoga ulikuwa mwingi katika vinywa vya watu hao, nao ule mgumu ulionekana kwa wengi. Hata hivyo, matokeo yao ya mwaka wa 1988 yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya uharibifu mbaya ilikuwa kwa watu wachache katika kila rika.

Matokeo hayo yaliwashangaza waliodhani kwamba uchafu wa meno lazima umalizikie kwa kung'oka kwa meno. Lakini usiyafanye kisingizio cha kulala. Huwezi kujua kwa kujitazama kwenye kioo kama wewe ni mmoja wa wale wachache. Wavuta sigara na wenye kisukari ndio wenye hatari zaidi, na sigara ina hila nyingine: hupunguza damu ya fizi, hivyo mvutaji hudhani ni mzima ilhali mfupa unaliwa.

Tiba na mipaka yake

Tiba ya kwanza ni kusafishwa na mtaalamu, ambaye huondoa ukoga mgumu juu ya jino na chini ya ufizi. Mashimo yakiwa marefu, huenda upasuaji mdogo ukahitajika. Mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe, kwa hiyo shabaha kuu ni kuzuia hasara isiendelee. Huko Karlstad, Uswidi, watu waliosafishwa mara kwa mara na kufundishwa kujisafisha walifuatwa kwa miaka 30 tangu 1972. Kwa wastani, kila mmoja alipoteza chini ya jino moja.

Utafiti pia umetuonya tusitie chumvi. Mwaka wa 2006, wanawake wajawazito 823 nchini Marekani walihusika katika jaribio la kuona kama kutibu fizi kungezuia watoto kuzaliwa kabla ya wakati. Fizi zilipata nafuu na tiba haikuleta madhara, lakini watoto njiti hawakupungua. Kwa hiyo mama mjamzito atibiwe bila hofu, ila asiahidiwe miujiza.

Kwa wagonjwa wa kisukari, habari zilipingana. Jaribio la Marekani la mwaka wa 2013, lenye watu 514, halikuona sukari ikishuka. Jaribio la London la mwaka wa 2018, lenye watu 264, liliona imeshuka. Wataalamu walipopima majaribio 35 kwa pamoja mwaka wa 2022, walikata shauri kwamba kutibu fizi hushusha sukari kwa kiasi fulani. Hata hivyo, dawa za kisukari ziendelee kama kawaida.

Kuna pia fizi zinazoota na kufunika meno. Dawa ya kifafa iitwayo fenitoini huweza kuleta hali hiyo. Mzazi, usimwachishe mtoto dawa! Zungumza na daktari, na meno yasafishwe kwa bidii zaidi, kwani ukoga huzidisha uotaji huo.

Ufanye nini?

Piga mswaki mara mbili kwa siku, taratibu, ukifikia pale jino linapoanzia kwenye ufizi. Safisha pia katikati ya meno. Mswaki wa mti nao hufaa, mradi ncha itafunwe hadi ilainike na ufikishwe kwenye meno ya nyuma, si ya mbele tu. Watoto wadogo wasimamiwe na mtu mzima.

Ukiona damu, usiache. Endelea kwa wiki mbili. Ikiwa haijakoma, au jino linacheza, au kuna usaha, nenda kwenye kliniki ya meno. Hospitali kubwa za serikali kama zile za Kitale na Bungoma zina huduma hiyo. Ukifika, usikimbilie kuomba kung'olewa. Uliza kwanza kama jino laweza kuokolewa kwa kusafishwa.

Naye babu wa mashambani apelekwe pia, kwani meno yaliyobaki bado yana kazi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa fizi huzibwa kwa mswaki wa bei nafuu, lakini mfupa wa taya ukishaliwa, si rahisi kupata fundi wa kuujenga upya.