Babu hajui mwaka aliozaliwa? Muulize rika lake

Mwulize mzee wa Kiarusha pale Lemara alizaliwa mwaka gani, anaweza kukosa jibu. Muulize ni rika gani, anakujibu hapohapo. Kwa anayetafiti historia ya familia, jibu hilo ni kama tarehe.

Rika linasomwaje?
Yanafuatana hivi: Terito, Nyangusi, Seuri, Makaa, Landis. Seuri walianza kutahiriwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo aliyeingia jando mwanzoni kabisa, akiwa kijana wa miaka 15 hadi 20, alizaliwa karibu na 1940. Bibi je? Uliza rika la kaka yake anayemfuata.

Kwa Wameru kuna alama nyingine: kuhamishwa Engare Nanyuki mwaka 1951, kesi ambayo Japhet Kirilo aliifikisha Umoja wa Mataifa 1952. Uliza: mtoto alizaliwa kabla au baada ya kuhamishwa?

Kisha karatasi
Ukishapata makadirio, nenda kwenye rejista za ubatizo za usharika wa zamani. Angalizo: babu anaweza kuwa ameandikwa kwa jina la ubatizo ambalo nyumbani halitumiki, kwa hiyo beba majina yote mawili. Faili za enzi za Wajerumani na Waingereza zipo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Ni kazi ya kusomea?
Ndiyo. Marekani ina chama cha wataalamu wa fani hii tangu 1979, na Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow, kinatoa shahada ya uzamili. Kwetu, kozi ya jirani ni utunzaji wa kumbukumbu, inayofundishwa Chuo cha Utumishi wa Umma.

Kwa nini sasa?
Mashamba ya zamani yanageuka viwanja, na mzee akifariki familia inatakiwa kupeleka mahakamani muhtasari wa kikao cha ukoo ili msimamizi wa mirathi ateuliwe. Hapo ndipo watoto wa mke mdogo, au wa binti aliyeolewa mbali, "husahaulika".

Ndiyo maana mtafiti mzuri hamsikilizi mzee mmoja. Anauliza nyumba ya mke mkubwa na ya mke mdogo, kila moja peke yake, halafu analinganisha. Wasipokubaliana, anaandika majibu yote mawili.

Simu yako ina kinasa sauti. Omba ruhusa, washa, anza na swali moja: "Shikamoo babu, wewe ni rika gani?"