Unataka kung'oa kabureta uweke EFI? Soma hii kabla hujaingia pori la Tabora

Mwenye Land Cruiser, Hilux au Land Rover ya zamani ya petroli anaijua hadithi hii. Gari limesetiwa Dar es Salaam, likapanda Dodoma, likapita Manyoni na Itigi. Likifika Tabora linatoa moshi mweusi, plagi zimekuwa nyeusi tii, na mafuta yamekwisha kabla ya hesabu uliyopiga. Fundi anafungua kabureta, anaisafisha, anafunga. Ukirudi wiki inayofuata, hali ni ileile.

Mara nyingi kabureta hiyo si mbovu. Imepandishwa mlima bila kuambiwa.

Tabora iko kwenye uwanda wa juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Wapagazi wa Kinyamwezi waliupanda mwinuko huo kwa miguu, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, kisha wakateremka hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Burton na Speke, waliofika Kazeh Novemba 1857, walikuwa wametumia zaidi ya miezi minne toka pwani. Leo gari linaumaliza mwinuko wote huo kwa siku moja au mbili, na kabureta inabaki na seti ya pwani.

Kwenye kimo cha Tabora hewa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban asilimia 11. Injini ya petroli inataka kama gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta. Kabureta inapima mafuta kwa jeti, yaani kitundu kidogo kisichobadilika. Hewa inapungua, mafuta hayapungui kwa kiasi kilekile, na mchanganyiko unakuwa mzito. Unaweza kubadili jeti, ndiyo, lakini ukiteremka tena pwani unakuwa na kazi nyingine.

EFI haina tatizo hilo. Sensa inapima presha ya hewa, nyingine joto la injini, nyingine iko kwenye bomba la moshi inanusa oksijeni iliyobaki baada ya kuungua. Kontroli boksi inakusanya habari zote na kuamua injekta ifunguke kwa muda gani. Muda wenyewe ni mfupi, elfu chache za sekunde, na unabadilika kila wakati.

Kuna faida nyingine ambayo watu wa porini wataielewa haraka. Kabureta ina kibakuli chenye boya. Gari likilala upande au likipanda kingo ya mto, mafuta yanahama kibakulini, na injini inamisi au inazama kwa mafuta. Injekta haina habari na mlalo wa gari.

Usitegemee nguvu za ajabu, lakini. Utapata kuwaka vizuri asubuhi, silensa iliyotulia, na mafuta kupungua matumizi kama kabureta yako ilikuwa imechoka. Land Rover 109 haitageuka kuwa V8.

Njia za kufanya hii kazi ni mbili. Ya kwanza ni kutumia vitu vya kiwandani, kwa sababu Toyota wenyewe waliwahi kuihamisha injini ileile kutoka kabureta kwenda EFI: 3F ikawa 3F-E, 22R ikawa 22R-E, 1FZ-F ikawa 1FZ-FE. Hapa unatafuta gari la kuchinja, unachukua manifoldi, injekta, sensa, kontroli boksi na waya zake zote. Usikubali waya zilizokatwa na mkasi karibu na plagi. Na usidhani kila kitu kitaingia moja kwa moja. Ndiyo maana wengi wenye 22R huishia kuhamisha injini nzima ya 22R-E, na mara nyingi hiyo ni akili zaidi kuliko kuunganisha vipande.

Njia ya pili ni seti za kisasa, kama Holley Sniper ya Marekani, ambazo zinakaa juu ya manifoldi pale pale kabureta ilipokuwa. Injekta na kontroli boksi viko humo humo, na inajisomea yenyewe ukiwa unaendesha. Kufunga ni rahisi. Lakini ikifa ukiwa Kaliua, utasubiri kifurushi kutoka ng'ambo. Kwa mtu anayeishi Tabora na kufanya kazi Tabora, ningechagua vitu vya Toyota hata kama kazi ya kufunga ni ndefu, kwa sababu spea za mtumba zinapatikana na mafundi wamezizoea.

Sasa tuje kwenye kinachoharibu kazi nyingi. Watu wanahangaika na injekta na kompyuta, halafu pampu na mipira ya mafuta wanaimalizia jioni kwa haraka.

Pampu ya kabureta, ile inayosukumwa na injini, inatoa presha ya psi 3 hadi 6 tu. EFI ya Toyota ya miaka hiyo inataka karibu psi 40, na hizo seti za kisasa hufika kama 58. Mpira wa zamani hauwezi kubeba presha hiyo. Ukipasuka, petroli inarushwa kama dawa ya kunyunyizia juu ya bomba la moshi lenye moto, na gari linaungua mbele ya macho yako. Nunua mpira ulioandikwa kuwa ni wa EFI, na klipu zake ziwe zile zinazobana mzunguko mzima bila kuukata mpira.

Unahitaji pia njia ya kurudisha mafuta tangini. Mafuta yanayozunguka hayapati muda wa kuchemka kwenye mipira, na hapo ndipo lile tatizo la gari kuzima saa nane mchana mwezi wa kumi, jua la Tabora likiwa kichwani, linapoondoka.

Tangi la zamani halikutengenezwa kwa EFI. Mafuta yakiwa robo, kwenye makorongo au barabara yenye mikunjo, yanakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Kabureta ingekuvumilia kwa sababu kibakuli chake kina akiba. EFI inakata papo hapo. Dawa ni kufunga kitangi kidogo cha lita moja au mbili kati ya tangi kubwa na pampu ya presha, kikijazwa muda wote na pampu ndogo. Kabla ya yote, shusha tangi uoshe kutu. Kutu inaua pampu ndani ya wiki.

Na mafuta yenyewe? Mjini hakuna shida kubwa. Lakini ukiingia ndani ya Sikonge au Urambo utanunua ya kwenye dumu, na dumu huwezi kujua lilibeba nini jana. Tatizo la kuchanganya petroli na mafuta ya taa si uvumi, ndiyo maana EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Kabureta ikinywa maji au uchafu, unafungua kibakuli chini ya mwembe, unapuliza jeti, unaondoka. Injekta haipulizwi kwa mdomo. Funga filta mbili, moja kabla ya pampu na nyingine baada yake, na ukichota kwenye dumu tumia faneli yenye wavu mwembamba.

Upande wa umeme, kumbuka kwamba EFI bila umeme ni chuma tu. Gari la kabureta betri likichoka unaita vijana, mnasukuma, linawaka. La EFI, betri ikiwa imekufa kabisa, mtasukuma hadi Urambo na pampu haitazunguka. Hakikisha alteneta inachaji vizuri hata taa zikiwa zimewashwa. Waya wa arthi kutoka injini hadi chesisi na betri uwe mpya na mnene. Waya za plagi za zamani zisizo na rezista nazo zibadilishwe, maana zinatoa makelele ya umeme yanayoichanganya kontroli boksi, halafu fundi anabadilisha sensa tatu ambazo hazina kosa.

Pampu isiungwe moja kwa moja kwenye swichi, hata fundi akikuambia "itafanya kazi tu". Itafanya, lakini gari likipinduka na injini ikazima, pampu itaendelea kumwaga petroli. Ipitie rilei inayoamriwa na kontroli boksi, ili injini ikisimama pampu nayo isimame.

Kontroli boksi iwekwe ndani ya gari, juu, siyo sakafuni. Kuanzia Novemba hadi Aprili, maeneo ya mto Ugalla na Malagarasi maji yanaingia mpaka ndani ya gari. Bomba la moshi nalo liwe halina tundu kabla ya sensa ya oksijeni. Hewa ikivutwa pale, sensa inadhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza, na gari linakula kuliko lilivyokuwa na kabureta.

Kwa hiyo, kuna ambaye simshauri kabisa. Kama gari lako linashinda porini, kwenye mizinga ya asali au mbao, siku tatu bila kukutana na fundi, na kabureta yako ni nzima, weka jeti za kimo hiki na filta nzuri uendelee na kazi. Anayefanya safari ndefu za kupanda na kushuka, Kigoma leo na Dar wiki ijayo, ndiye EFI itamlipa.

Ukishafunga, usiende moja kwa moja porini. Zunguka mjini wiki nzima, kisha nenda Urambo na urudi, mchana wa jua kali, tangi likiwa robo. Ndani ya gari weka pampu ya akiba iliyokwishajaribiwa, rilei mbili, fyuzi, na mita moja ya mpira wa EFI. Kabureta ya zamani na pampu yake usiviuze mwaka wa kwanza. Vifunge kwenye mfuko vikae stoo.