Midomo Myembamba: Je, Inaweza Kurudishwa Ilivyokuwa?

Mwaka 2015 Kylie Jenner wa Marekani, akiwa na miaka 17, alikiri kwenye televisheni kwamba midomo yake ilikuwa imejazwa kwa sindano. Tangu hapo mabinti zetu wamekua wakiiona midomo ya namna hiyo kwenye simu kila siku. Midomo minene ambayo bibi zetu walidhihakiwa kwayo, leo inauzwa kwa mililita.

Ila si kila Mswahili ana midomo minene. Ukoo wetu ni wa midomo myembamba. Binti wa dada yangu, ninayeishi naye hapa Birmingham, ana miaka 17 na anataka yake ibadilike. Rafiki yake anamjua mtu anayechoma sindano hizo jikoni kwake, kwa bei ya chini. Nilipokataa, alinijibu: "Mama mdogo, midomo ni yangu." Nikamwambia: "Ni yako, mwanangu. Basi ijulie habari zake kabla hujamkabidhi mtu." Tukakaa, tukazipitia njia zote, na kila moja tukaiuliza swali hili: usipoipenda, midomo inaweza kurudishwa ilivyokuwa?

Sindano za kujaza (fila). Nyingi hutengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho mwili wenyewe unacho. Huisha polepole, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja hivi, na ipo dawa ya kuiyeyusha ikileta shida. Hii ndiyo njia iliyo rahisi zaidi kurudishwa nyuma. Silikoni ya majimaji haiyeyuki namna hiyo, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaiidhinisha kuchomwa mwilini kwa ajili ya urembo. Mwaka 2021 FDA ilionya pia dhidi ya kalamu zinazosukuma fila mdomoni bila sindano.

Mafuta ya mwili wako. Daktari huyavuta tumboni au mapajani na kuyapandikiza mdomoni. Sehemu yake hunyonywa na mwili, hivyo matokeo hayatabiriki vizuri, na huenda ukarudia. Yaliyobaki hayayeyushwi kwa dawa.

Vipandikizi vya silikoni. Huingizwa kupitia vijitundu kwenye pembe za mdomo. Vinaweza kutolewa, lakini kwa upasuaji mwingine. Vinaweza pia kusogea au kuambukizwa.

Kuinua mdomo wa juu. Kipande cha ngozi hukatwa chini ya pua, kisha mdomo huvutwa juu na kushonwa. Wekundu wa mdomo huonekana zaidi. Ngozi iliyokatwa hairudi, na kovu hubaki hapo chini ya pua. Sisi wenye ngozi nyeusi huwa tunapata zaidi makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe. Kama ulikwisha kuota kovu la aina hiyo sikioni baada ya kutogwa, mwambie daktari kabla ya yote.

Kuhusu umri, sheria ya England haina utata. Tangu tarehe 1 Oktoba 2021 ni kosa kumchoma fila au botoksi kwa ajili ya urembo mtu aliye chini ya miaka 18, hata mzazi akiridhia. Kwa hiyo yule wa jikoni, kwa kukubali tu kumchoma binti wa miaka 17, angekuwa anavunja sheria.

Ukishafika umri huo, uliza anayekuhudumia ni nani. Jina la daktari wa Uingereza linaweza kutafutwa bure kwenye daftari la GMC mtandaoni. Mwulize ni fila ya kampuni gani, na kama dawa ya kuiyeyusha anayo hapo hapo. Kama hupata vidonda vya homa mdomoni, mweleze, maana sindano inaweza kuviamsha.

Baada ya sindano, kuvimba na alama za damu kwa siku chache ni kawaida. Maumivu makali yanayozidi, ngozi kupauka au kuwa na madoadoa ya zambarau, hayo si ya kawaida. Huenda mshipa wa damu umezibwa, na ngozi inaweza kufa. Usingoje kesho: mrudie aliyekuchoma au nenda hospitali kitengo cha dharura. Kwenye ngozi nyeusi kupauka huko kunaweza kuchelewa kuonekana, kwa hiyo maumivu yasipuuzwe.

Mzazi mwenzangu, kumwambia binti kwamba ni mzuri alivyo ni jambo jema, nami nilimwambia wangu. Lakini hilo peke yake lisingemtoa jikoni kwa yule mtu. Kilichomtoa ni kujua anachokwenda kuchomwa. Atatimiza miaka 18 mwakani na bado anaitaka sindano. Tumekubaliana kwamba akienda, ataenda kwa daktari, na mimi nitakaa naye pale kwenye kiti cha kusubiri.