Kipimo cha Sukari na Saumu ya Mgonjwa

Nyumba zetu nyingi zina kipimo cha sukari, lakini Ramadhani ikiingia hufungiwa kabatini, kwa kuchelea kwamba tone la damu hubatilisha saumu. Tunawakumbusha mama zetu na wazee wetu kuwa wanazuoni wengi wa zama hizi wamebainisha kwamba kujitoboa kidole ili kupima hakubatilishi saumu. La hatari ni kutopima.

Kwanza osheni mikono kwa sabuni, kisha ikausheni. Utamu wa tende uliobaki kidoleni huzidisha hesabu isivyo kweli. Kijisindano ni cha mtu mmoja, tena mara moja tu. Mume na mke wasishirikiane, kwani damu huambukiza maradhi ya ini. Kilichotumika kitiwe katika mkebe mgumu wenye kifuniko, mbali na watoto.

Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, mgonjwa na afungue papo hapo kwa kinywaji cha sukari, hata zikiwa zimesalia dakika 10 Magharibi kuadhiniwa. Ikipita 16.6, afungue kwa maji na aonane na daktari. Siku hiyo ataikidhi akiweza. Mola amemruhusu mgonjwa kula, na kuihifadhi nafsi ni ibada.